Picha za mpwa wangu ndizo zinazolipa ada yake, na sasa hataki tena kupigwa. Namwambiaje dada?

Mjomba wa Mkolani
Wakuu, heshima kwenu. Nina dada yangu yuko Dar, mwigizaji, wengi humu mnamjua kwa sura, kwa hiyo jina niachieni. Binti yake tunakaa naye hapa Mwanza, mimi, mke wangu na bibi yake, tangu dada alipoona kazi za usiku na malezi haviendi pamoja. Yuko kidato cha kwanza, mwezi ujao anatimiza miaka 13.

Mtoto ana ukurasa Instagram tangu anaanza kutembea, unaendeshwa na mama yake na meneja. Huko ndiko yalikopita matangazo ya nepi, maziwa ya kopo, nguo za Iddi. Nisiwe mnafiki: hela hiyo ndiyo ada, na sehemu ya mabati ya nyumba tunayolala imetoka huko huko.

Shida ilianzia kwenye stika. Kuna video ya zamani anasukwa, analia, kamasi zimefika mdomoni. Mama yake aliiposti, watu wakacheka, mjanja mmoja akaugeuza ule uso kuwa stika ya WhatsApp. Nina hakika baadhi yenu mnayo. Juzi mwekahazina wa kikoba cha mke wangu kaituma kwenye grupu kuwakumbusha wadaiwa marejesho. Hakujua mwenye sura yuko jikoni kwetu anapaa samaki.

Shuleni wameshagundua, jina la ukurasa likaandikwa ubaoni. Akienda Mwaloni na bibi kununua dagaa, akina mama wanamshika shavu: "Si wewe yule wa nepi?" Siku hizi anapanda daladala kavaa barakoa. Hata picha ya kitambulisho cha shule tulimbembeleza.

Sasa dada anakuja na wapiga picha. Bethidei itafanyika hoteli moja Capri Point na kampuni imeshalipa nusu. Mtoto kaniambia, "Mjomba, mwambie mama nina malaria." Namwambiaje dada bila kuonekana namnyang'anya mwanawe, au namzibia riziki? Povu ruksa, ila mnisaidie.

Sangara Mbichi
Watu tunalala njaa, nyie mnalia kujulikana. Nipe namba ya huyo meneja, wangu ana kamasi za kutosha.

Mama Wawili
Sangara, utani wa namna hiyo ndio uliozaa stika. Mimi nilikuwa nayo, nimeifuta sasa hivi. Wallahi nilidhani ni mtoto wa Kinaijeria.

Wakili wa Kata
Mjomba, usianze na vitisho vya sheria, ila ujue umesimama wapi. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kusikilizwa kwenye mambo yanayogusa ustawi wake. Miaka 13 maoni anayo. Halafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Humo taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Anayemtania ubaoni mwachie mwalimu. Akihamia mtandaoni kumnyanyasa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalitaja kosa hilo. Na mkihitaji mtu wa kuongea na mtoto mwenyewe, pigeni simu ya msaada kwa watoto, 116, ni bure.

Mkataba na kampuni uko kwa jina la nani? Anza hapo.

Mjomba wa Mkolani
Wa dada. Mtoto kaandikwa kama "kipaji".

Wakili wa Kata
Basi anayedaiwa ni dada yako, si mtoto. Hilo linakupa pa kuongelea.

Mwana wa Namba Tisa
Nimesoma mara mbili. Mzee wangu alicheza mpira enzi hizo Kirumba inajaa hadi watu wanakaa kwenye mawe ya nje. Akikosa penalti Jumapili, mimi Jumatatu nachapwa makofi uani. Akifunga, muuza karanga hachukui hela yangu. Nililichukia jina lile, lakini mambo yenyewe yalikuwa ya baba, na mechi ikija nyingine yanasahaulika. Huyu wenu anachekwa kwa machozi yake mwenyewe, tena ya wakati hajui hata kamera ni nini. Hapo mimi sina uzoefu wa kumpa, nakubali.

Ila la malaria msilikubali. Mkidanganya mara hii, kesho mtatafuta taifodi. Aongee mwenyewe na mama yake. Wewe mkalishe, mpe simu, kisha toka nje. Ukibaki, dada atasikia sauti yako ndani ya maneno ya mtoto.

Mtoza Ushuru
Mnazunguka, swali ni hela. Marekani alikuwepo mtoto mwigizaji anaitwa Jackie Coogan, yule aliyecheza na Charlie Chaplin mwaka 1921. Kakua, kauliza zilipo hela zake, kakuta mama na baba wa kambo wameshazila. Ndipo California ikatunga sheria mwaka 1939 ya kumwekea mtoto sehemu ya mapato. Watoto wa mitandaoni walisubiri sana: jimbo la Illinois limeanza kuwahesabu Julai 2024. Dada yako amemwekea binti shilingi ngapi? Sisemi ada, ada ni wajibu wa mzazi hata akiwa muuza vitumbua.

Mama Wawili
Hilo la ada limenichoma. Kweli kabisa.

Mjomba wa Mkolani
MREJESHO. Nimemkalisha, nikampa simu, nikatoka. Bibi alibaki, akasema yeye ni kiziwi hahesabiki. Anasema mtoto alimwambia mama yake, "Watu wananijua nikilia, hawanijui nikiongea." Dada alinyamaza, halafu akauliza kama maneno hayo nimemfundisha mimi.

Jana kanipigia. Ukali ulikuwepo, tusiongeze chumvi. Video ya kusukwa kaifuta, stika hana uwezo nayo. Sherehe ipo palepale kwa sababu hela ya kampuni imeshaliwa, ila mbele ya kamera atasimama dada na keki, na mtoto ataingia wapiga picha wakishaondoka. Ukurasa amesema "tutaona". Akaunti ya benki ya mtoto hakutaka kuizungumzia kabisa. Meneja naye kanitumia sauti ya dakika nzima akiniita mchawi wa Kisukuma.

Sangara Mbichi
Hongera mkuu, nami nimefuta stika. Na ada ya mwakani?

Mjomba wa Mkolani
Bibi anasema shule ya kata iko hapo juu tu na haina ada. Mke wangu hataki hata kusikia. Hilo nitalifungulia uzi mwingine.