Naanza kozi ya kuzamia baada ya wiki tatu, na maji yakiingia puani nashtuka. Nijiandae vipi?

Mleta uzi
Habari zenu wakuu. Baada ya miaka mingi ya kutamani, hatimaye nimejiandikisha kozi ya kuzamia kwa mtungi, ile ya mwanzo kabisa. Kuogelea naweza, ingawa si kwa kasi. Shida yangu ni kwamba maji yakinigusa puani napaliwa na kuibuka mbio. Sasa nasikia kwenye kozi unavua miwani ukiwa chini ya maji na kuivaa tena. Tangu nisikie hivyo usingizi umekuwa haba.

Jingine, utotoni nilikuwa na pumu. Dawa niliacha zamani, lakini fomu ya afya inauliza. Rafiki yangu anasema niandike "hapana" yaishe. Na je, ninunue vifaa kabisa? Ndege yangu ya kurudi inaondoka asubuhi inayofuata siku ya mwisho ya kozi. Naombeni ushauri.

Pumzi Pole
Pole dada, hofu hiyo naijua, nimepita humo humo. Kinachokusumbua ni pua kutaka kuvuta pale mdomo unapovuta, na hilo linazoeleka. Nenda bwawani, simama mahali maji yanapofika kifuani, mtu awe karibu nawe. Chukua mrija wa kupumulia, miwani iache pembeni. Zamisha uso, vuta kwa mdomo, toa kwa mdomo. Pumzi tano, inua uso, pumzika. Rudia kila siku mpaka dakika mbili zikupite bila wasiwasi.

Kisha badilisha: vuta kwa mdomo, toa kwa pua. Hapo ndipo kazi ilipo, maana ndivyo maji yanavyotolewa kwenye miwani. Unabana fremu ya juu kwenye paji la uso, unatazama juu kidogo, unatoa pumzi puani taratibu, nayo hewa inayasukuma maji yatoke kwa chini. Wengi wanapuliza mara moja kwa nguvu, hewa inatoroka na maji yanabaki. Mimi lilinichukua siku tisa, na siku ya tano nililia. Mwambie mwalimu wako mapema, kabla hamjaingia majini.

Tumbawe
Ongeza na zoezi la kubana pumzi, kila siku muda mrefu zaidi. Litakupa ujasiri.

Kina Kumi
Mkuu Tumbawe, hapo naomba nikupinge kabisa. Kanuni ya kwanza ya kuzamia kwa mtungi ni kutobana pumzi. Ukiwa mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, kwa hiyo hewa uliyoivuta huko inataka kuwa mara mbili kwa ujazo ukifika juu. Ukiifungia, mapafu yanaweza kupasuka. Kubana pumzi peke yako bwawani nako kumewahi kuzimisha watu fahamu ghafla. Dada, zoea kupumua polepole bila kukatiza.

Na hapo hapo ndipo swali la pumu linapopata uzito. Njia ya hewa ikijibana, hewa inanaswa kwenye mapafu wakati unapanda. Fomu ile inakulinda wewe. Jaza ukweli, nenda kwa daktari, ikiwezekana anayeelewa mambo ya kuzamia. Wapo wengi waliougua pumu utotoni wakapimwa na kuruhusiwa. Akisema hapana, basi amekuokoa.

Tumbawe
Nimekuelewa mkuu. Dada, achana na ushauri wangu wa juu.

Mwenza Wangu
Ndege: badilisha tiketi leo. Naitrojeni inabaki mwilini baada ya kuzamia, na shinikizo ndani ya ndege ni dogo kuliko la ardhini, hivyo inaweza kufanya mapovu mwilini. Kwa mtu aliyezamia siku kadhaa mfululizo, ngoja angalau saa 18. Ukitoka majini saa nane mchana, zinaishia saa mbili asubuhi. Mimi huacha siku nzima.

Vifaa: nunua miwani tu, ikikukaa vizuri. Iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua; ikijishikilia yenyewe, ni yako. Mtungi, koti la kuelea na regulata (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi kwa mdomo) utapewa hapo hapo kwenye kozi.

Mapezi
Kwenye kozi za PADI (shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia) utaogelea mita 200 bila kupangiwa muda, kisha uelee dakika 10. Kasi haihitajiki.

Masikio msiyasahau. Bana pua, puliza kwa upole, anza tangu mita ya kwanza kabla hujasikia maumivu. Yakigoma, panda kidogo ujaribu tena, usilazimishe. Ukiwa na mafua ahirisha, wala usijitibu kwa dawa ya kuzibua pua halafu ukashuka. Ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa itanaswa sikioni wakati wa kupanda.

Na dole gumba juu chini ya maji maana yake "tupande". "Niko sawa" ni duara la kidole gumba na cha shahada. Ukishtuka una haki ya kuonyesha dole gumba, na hakuna mwalimu mzuri atakayekulaumu.

Mleta uzi
Mrejesho wakuu. Daktari amenisikiliza mapafu, akanipima pumzi kabla na baada ya mazoezi, akasaini. Tiketi nimesogeza mbele siku moja. Bwawani siku ya kwanza nilifika pumzi tatu nikaibuka. Leo nimemaliza dakika moja na nusu, na dada yangu amesimama pembeni akihesabu. Swali: macho niyafumbe au niyaache wazi?

Pumzi Pole
Hongera sana! Kama huvai lenzi za macho, yafungue. Utaona ukungu, ila utamwona mwalimu yuko mbele yako, na hilo pekee linatuliza. Ukiwa na lenzi yafumbe, zisije zikachukuliwa na maji.

Mleta uzi
Lenzi sivai. Kesho nayafungua.