Milioni 16 mkononi: niagize IST Japani au nichukue ya mtu hapa Bongo?

Mgeni wa Barabara

Habari wakuu. Nina milioni 16, nimezikusanya miaka mitatu, na hili litakuwa gari langu la kwanza. Nakaa Dodoma, kazini ni hapahapa mjini, na mara moja kwa mwezi naenda Singida kumwona mama. Nataka Toyota IST. Washikaji wananiambia niagize Japani nipate namba E, usajili mpya. Wengine wanasema namba D ya mtu, usajili wa nyuma yake, inatosha. Bosi wangu anashauri nikope benki, nichukue zero kilometa kabisa, gari jipya. Kuna moja nimeiona yadi, imepigwa polishi inang'aa, kilometa 71,000, nusura nitoe kishika uchumba, pesa ya kulizuia. Naombeni ushauri.

Mzee wa NZ

Mkuu, usitoe hata mia kwanza. Magari nimeyapenda tangu nikiwa mdogo namshikia fundi tochi gereji, na hadi leo nimenunua sita kwa pesa yangu.

Nianze na hiyo namba. Herufi inakwambia gari limesajiliwa lini Tanzania, haikwambii limetengenezwa lini. IST ya umbo lile la kwanza ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, basi. Ukiivalisha namba E leo, bado ni gari la karibu miaka ishirini au zaidi. Lakini watu wanaongeza milioni mbili, tatu, kwa ajili ya herufi tu.

Mimi nimewahi kulipia hiyo herufi. Mwaka 2016 nilichukua Toyota Premio yadi, jijini Dar, namba D mbichi, dashibodi inasoma 64,000. Nilipofika nyumbani ndipo nikatulia kuitazama. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika upande wa kulia hadi chuma kinaonekana. Usukani umekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Gari la kilometa 64,000 haliwi hivyo. Tena lilikuwa AZT240, ile ya cc 2000 yenye injini ya D4, inayopuliza petroli kwa presha moja kwa moja ndani ya silinda, na wakati huo sikujua tofauti. Mwezi wa nne likaanza kutetemeka likiwa sailensa, yaani limewashwa limesimama, kupanda mlima haliwezi. Pampu ya presha. Nilizunguka maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, siku mbili natafuta pampu, na mafundi wawili waliposikia D4 wakakataa kabisa kuligusa. Premio hiyohiyo ukichukua NZT240 unapata 1NZ, injini ambayo fundi yeyote hapa nchini anaijua. Kwa hiyo soma namba ya chasisi kabla hujasoma bei. Kwa IST, NCP60 ni cc 1300, NCP61 ni cc 1500, NCP65 ni cc 1500 inayovuta tairi zote nne. Kwa safari zako za Singida, chukua NCP61.

Zero kilometa ni kitu kizuri, sikatai. Kampuni inayopeleka Hilux mgodini kila siku inahitaji waranti. Lakini wewe uliyejinyima miaka mitatu usiingie deni la benki kwa ajili ya kitu kinachoshuka thamani kwa kasi zaidi miaka ya mwanzo kuliko wakati mwingine wowote. Mwache mwingine abebe huo mshuko.

Agiza Mwenyewe

Mzee wa NZ nakuheshimu, ila kwenye kuagiza hujamtendea haki kijana. Japani gari linapelekwa ukaguzi wa shaken baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama yake ndiyo inayofanya wengi wauze gari likiwa bado zima. Halijapigwa na rasta za barabarani wala halijalala kwenye matope. Omba karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani. Gredi 4 kwenda juu, songa. Ukiona R, limewahi kugongwa likatengenezwa. A1 ni mkwaruzo mdogo, usiogope. Yangu iliingia 2019, mpaka leo nimebadilisha betri, tairi na brekipedi tu.

Mzee wa NZ

Karatasi ya mnada naikubali kwa moyo wote, na muuzaji akigoma kukutumia, achana naye. Ila apige hesabu ya kodi kabla. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa cc 1001 hadi 2000. Uchakavu asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka kumi, na IST hizi zote zimezidi. Kisha VAT asilimia 18 juu yake. Na TRA wanatumia thamani yao, siyo risiti yako. Kikokotoo chao kipo mtandaoni, ingia leo. Katika milioni 16, pesa inayonunua gari lenyewe inabaki kidogo, ndiyo maana watu wanaangukia gredi za chini.

Gari langu bora nililinunua Morogoro kwa mwalimu mstaafu. IST namba C, rangi imepauka juu ya paa. Kwenye droo ya dashibodi kulikuwa na daftari la shule la kurasa 48: tarehe, kilometa, oili, filta, kila baada ya 5,000, na risiti zimebandikwa kwa gundi. Sikumwomba hata apunguze. Tafuta daftari la namna hiyo, mkuu. Na ukipata gari kwa milioni 13, hizo tatu usizile. Bushi, shoksi, tairi na oili ya gia boksi vinakusubiri.

Dada wa Njiro

Naongeza moja. Kadi ya gari isome jina la anayekuuzia. Yangu ilikuwa na jina la mtu wa tatu, nikamtafuta miezi minne ili asaini mauziano. Na uingize namba kwenye TMS, mfumo wa polisi wa mtandaoni, uone faini kabla hujalipa.

Mgeni wa Barabara

Asanteni sana. Jumamosi naenda kuona namba D ya mtu, NCP61, anataka milioni 13.5. Niangalie nini kwanza?

Mzee wa NZ

Nenda asubuhi na fundi wako, siyo fundi wake. Mwambie asiwashe kabla hujafika. Injini ya baridi haifichi kitu: moshi wa bluu, mlio wa cheni, gia inayochelewa kuingia. Ukifika tu, weka kiganja juu ya boneti.

Mgeni wa Barabara

Nimefika saa moja kamili. Boneti ilikuwa ya moto. Nimemshukuru, nimeondoka. Kesho naenda kuona nyingine Kondoa, mama mmoja muuguzi, anasema risiti za sevisi anazo kwenye bahasha.

Mzee wa NZ

Nitumie picha za hizo risiti usiku huohuo.