Mjadala: Baraza za maduka ya zamani Iringa mjini zilindwe kwa masharti ya kibali, au mwenye nyumba aachwe ajenge atakavyo?

Mleta mada

Wakuu, kamwene.

Juzi nimepita mitaa ya karibu na soko kuu nikakuta duka moja la zamani limevuliwa uso. Baraza imevunjwa, nguzo zimelala chini, mafundi wanapachika fremu za alumini kwa ajili ya vioo vya bluu. Juu kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na mwaka wa ujenzi ulioandikwa kwa plasta. Umebanduliwa, imebaki "19" na kipande cha tarakimu kama mkia wa panya. Mzee wa cherehani aliyekuwa akishonea barazani pale kahamia ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Nilimpa suruali anipunguzie kiuno. Mvua ikaanza, akafunika mashine kwa turubai, kazi ikaishia hapo.

Sidai nyumba nzima igandishwe. Ndani mtu avunje kuta, aweke vigae, aweke lifti akiwa na hela. Ninachotaka ni manispaa iandike masharti ya uso wa mtaa tu, na kwa mitaa michache ya katikati tu: baraza ibaki na ibaki wazi kwa mpita njia, paa lionekane, lisifichwe nyuma ya ukuta, ghorofa ikiongezwa ikae nyuma kidogo ya uso wa mbele, kibao cha biashara kisizibe madirisha ya juu. Hayo manne yanatosha. Rangi kila mtu apake yake, sitaki kugombana na mtu kwa sababu ya rangi.

Na si kwa ajili ya watalii. Huku tupo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mvua inatushika kuanzia Novemba mpaka Aprili, na waliojenga zile baraza walilijua hilo. Jua la mchana haliingii dukani, maji ya bati hayamwagiki mlangoni, mteja anasimama anapiga stori mpaka ananunua. Nenda leo kwenye duka la vioo saa nane mchana: mwenye nguo amebandika maboksi kwenye kioo zisipauke. Kanunua kioo halafu kakiziba.

Anayesema sheria tayari ipo aisome vizuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Baada ya hapo mpaka Waziri atangaze. Mwaka 1863 Mjerumani alikuwa hajakanyaga huku, mji huu haupo. Kwa kipimo hicho hata ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga ni jengo jipya. Kwa hiyo duka la miaka ya 30 au 50 halina mwenyewe.

Karibuni.

Mpangaji wa fremu

Mkuu, unaongelea baraza kama mtu asiyelipa kodi. Mimi nilitoa kilemba, ile hela ya kuachiwa nafasi, kuingia kwenye fremu yangu, na kodi nalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ile baraza ni sehemu ya eneo la mwenye nyumba. Akiifunga napata stoo, friji ya soda inakaa ndani, naacha kuhangaika kila jioni kuingiza mizigo. Akiiacha wazi inajaa wamachinga, mteja anashindwa kuuona mlango wangu. Nimeshawahi kukuta mtu kaninginiza mitumba kwenye bawaba zangu!

Halafu mwenye nyumba akilazimishwa mbao na vigae vya zamani, unadhani gharama ataipeleka wapi? Ataileta kwangu. Nyie mtapiga picha, mimi nitalipa.

Mjukuu wa Kalenga

Ninalo swali kabla ya baraza. Ni historia ya nani hiyo mnayotaka kuilinda? Kitanzini ipo hapohapo mjini, na wazee wetu wametusimulia jina hilo limetokana na kitanzi gani. Mji huu Wajerumani waliujenga baada ya kuipiga Kalenga Oktoba 30, 1894 na kuhamia huku mlimani. Jina lenyewe ni letu, lilinga, ngome, wakalibeba. Fuvu la Mkwawa walilolichukua Wajerumani tumesubiri mpaka 1954 ndipo likarudi. Leo naambiwa nililie nguzo za duka.

Boma la Mjerumani limeshafanywa makumbusho, sina ugomvi nalo, watoto wa shule wanaingia wanajifunza. Lakini pesa na bidii vikianzia kwenye maduka, Kalenga itasubiri tena.

Mwana wa Uyole

Ugonile wakuu, nachangia kutoka Mbeya.

Mjukuu, nakuelewa, ila kwenye maduka unachanganya. Mengi yalijengwa na wafanyabiashara Wahindi, na aliyepanga matofali, aliyechoma chokaa, aliyepandisha kenchi ni babu zetu. Sisi mji wetu umeanza 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, hatuna hata boma la Mjerumani la kugombania. La kwao lipo Tukuyu. Tulichonacho ni Uhindini, na kila nikipita naona uso mwingine umeondoka.

Kuna kitu mleta mada amekiruka: umiliki. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba. Aliyejenga alinyang'anywa, aliyepanga si lake, aliyepewa yuko mbali. Nyumba ya hivyo nani atapanda juu kuziba bati moja linalovuja? Zinakufa kwa kuvuja, ndugu zangu, kabla hata ya alumini.

Na kanuni peke yake haishiki ukuta. Zanzibar wana mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985, UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia 2000, na bado sehemu ya jumba la zamani la Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 25, 2020 ukarabati ukiwa unaendelea.

Fundi chokaa

Nimekarabati nyumba za aina hiyo tatu, niseme ninachokijua.

Ukuta wa zamani ni matofali ya kuchoma, umeunganishwa kwa udongo au chokaa, msingi wa mawe, mara nyingi hakuna kizuizi cha unyevu chini. Maji yanapanda ukutani, na zamani yalitokea kwenye lipu ya chokaa yakakauka na upepo. Ukija ukapiga lipu ya saruji umemfunga mtu koti la nailoni. Baada ya masika mbili lipu inavimba, ukigonga inalia kama debe, inadondoka na uso wa tofali. Mwenye nyumba anasema "imezeeka, vunja". Haijazeeka, imezibwa.

Kwa hiyo mleta mada, kwenye manne yako ongeza la tano, na mimi ningeliweka la kwanza: ukuta wa chokaa upigwe chokaa. Chokaa Songwe inachomwa, si kitu cha kuagiza Ulaya. Kazi yake ni uvumilivu, unaizima kwenye shimo uiache ilale wiki kadhaa, na vijana wengi siku hizi hawataki kusubiri.

La ghorofa mnalizungumza kirahisi sana. Kuta zile hazina nguzo za nondo ndani, zinabeba paa na uzito wake basi. Mtu anatoboa ukuta wa mbele apate kioo kipana, kesho anapandisha slabu juu. Kariakoo Novemba 16, 2024 sote tuliona jengo likishuka na watu.

Mleta mada

Fundi, la chokaa nimelikubali, nilikuwa silijui. Na ghorofa naifuta kwenye orodha yangu mpaka mhandisi aseme.

Mjukuu, mimi siombi hela ya Kalenga. Masharti kwenye kibali hayatoi hela mfukoni mwa yeyote wa makumbusho. Ila umenifanya nifikirie vibao: nyumba ikilindwa, iandikwe pale mbele nani aliijenga, na nani alifanyishwa kazi.

Mpangaji, wewe ndiye umenibana. Nilitaka kusema wapunguziwe kodi ya majengo, nikakumbuka tangu 2021 ile inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme, si manispaa inayoikata. Manispaa inachoweza kukiachia ni ada ya kibali cha ujenzi, na hiyo ni kidogo ukilinganisha na mbao. Sina jibu zuri la gharama.

Mpangaji wa fremu

Angalau umekiri. Waanze na kutusamehe ada, na wamachinga wapewe mstari wao barazani, nusu yao nusu ya mlango, hapo nitakaa mezani. Stoo sijaisahau lakini.

Mleta mada

Sawa mkuu.

Leo nimerudi kwa mzee wa cherehani, nikamuuliza kama anaikumbuka baraza. Akaniangalia kama nimemuuliza habari za mwezini. Anachokikumbuka ni swichi. Mwenye duka alimruhusu kuchomeka taa na pasi, kila mwisho wa mwezi anamwachia chochote cha umeme. Chini ya mwavuli hakuna pa kuchomeka, ikifika saa kumi na mbili anafunga. Suruali bado.