Uchina kuviita vyombo vya mwezini Chang'e: kuenzi Utao au kuupora?

Mtoa mada: Wakuu, Juni 2024 Chang'e 6 ilirudi na gramu 1,935.3 za udongo kutoka upande wa mwezi tusiouona. Chang'e ni mwanamke wa mwezini katika masimulizi ya Kichina. Hata kigari kilichotua 2013 kiliitwa Yutu, jina la sungura wake. Huku chama tawala kinawakataza wanachama wake kuwa na dini! Kwangu huo ni uporaji wa Utao, dini ya kale ya Kichina.

Mchangiaji 1: Unampa Utao mtoto asiye wake. Chang'e ni ngano ya wote. Tarehe 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao familia zinakula keki za mwezi na kumsimulia, hata wasiokanyaga hekalu. Watao wanaye Taiyin Xingjun, mtawala wao wa mwezi.

Mchangiaji 2: Umekwepa, ndugu. Wapo waumini wanaosema huyo ndiye Chang'e mwenyewe. Na kisa kimo ndani ya Huainanzi, kitabu cha karne ya 2 KK kilichohifadhiwa kati ya maandiko ya Kitao: Yi, mume wa Chang'e, aliipata dawa ya kutokufa kwa mungu wa kike aitwaye Malkia Mama wa Magharibi, Chang'e akaiiba, akakimbilia mwezini. Sungura anatwanga nini kule? Dawa hiyohiyo. Kutafuta kutokufa ndiyo shughuli ya Utao! Wanaofuata neidan, mazoezi ya Kitao ya kutafuta kutokufa ndani ya mwili, huangalia mwezi unavyokua na kupungua ili wajue lini wauchochee moto wa ndani ya mwili na lini waupoze.

Mchangiaji 3: Wamarekani waliziita safari zao za mwezini Apollo, jina la mungu wa Kigiriki, Mgiriki gani alilia?

Mchangiaji 4: Mnamsahau chura. Masimulizi ya enzi ya Han, ukoo wa kifalme wa Uchina wa kale, yanasema Chang'e alipofika mwezini aligeuka chura. Hariri ya kaburini Mawangdui, Uchina, iliyochimbuliwa 1972, ina chura na sungura juu ya mwezi mwandamo. Baadaye chura akasahauliwa, akabaki bibi mrembo. Hata jina lilikuwa Heng'e, likaachwa kwa kuwa mfalme mmoja aliitwa Heng. Watu wanachagua wanachokitaka tangu miaka 2,000 iliyopita, leo ndiyo iwe uporaji?

Mtoa mada: Apollo karibu hana waumini leo, Chang'e anafukiziwa ubani hadi leo. Na hadithi kubadilika vinywani mwa wenyewe si sawa na asiyeiamini kuibandika kwenye roketi. Nani anajua kasisi yeyote wa Kitao aliyeulizwa kwanza?