Zamu ya saa tisa usiku

Kikundi: Familia ya Ngamiani

Dada Ngamiani, saa 9:52 usiku
Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mniwie radhi kwa kuwaandikia saa hizi; najua mtayasoma mtakapoamka kwa sala ya alfajiri. Mama yu salama. Nimemgeuza ubavu wa kushoto, nimempaka mafuta, na mgongo wake hauna kidonda hata kimoja. Ninaloliandika ni langu mwenyewe. Leo ni wiki ya sita tangu tumtoe hospitali baada ya kile kiharusi, na kila baada ya saa mbili naamka kumgeuza. Zamu hii ya saa tisa niliifanya kuwa ya kusali rakaa mbili, kwa kuwa usingizi huwa umekwisha kukatika. Siku za mwanzo nilikuwa nikisujudu nahisi ukaribu ambao siwezi kuueleza, hata nikawa sitaki kuinua kichwa. Sasa nasujudu na sihisi chochote. Nasikia feni tu na mbwa wa jirani. Nimeshindwa kumwambia mtu yeyote hapa mtaani, kwa hiyo nakuulizeni nyinyi: je, Mwenyezi Mungu amenikasirikia?

Shangazi Mombasa, saa 11:20 alfajiri
Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Usiseme maneno hayo, huo ni wasiwasi wa shetani. Zidisha nyiradi, soma Yasini kila Alhamisi, na moyo utafunguka. Wifi yangu naye umpe salamu zangu, umwambie namwombea.

Kaka Pangani, saa 12:05 asubuhi
Shikamoo Shangazi. Kwa heshima zote, naomba tusimwongezee dada yetu mzigo. Mtu anayelala vipande vipande kwa wiki sita, tukimwambia kwamba tatizo ni uchache wa nyiradi zake, tutamfanya aone kuwa hata katika ibada ameshindwa. Mimi niko hapa Pangani, mwendo wa saa chache, nimekwenda mara mbili tu. Wa kulaumiwa kwanza ni mimi.

Shangazi Mombasa, saa 12:11 asubuhi
Marahaba. Sikukusudia kumlaumu, na umesema kweli.

Ami Ustadhi, saa 1:30 asubuhi
Wanangu, nimeyasoma yote baada ya darsa. Nitajibu lile swali lenyewe, kwa sababu limewahi kumsumbua aliye mbora kuliko sisi sote. Pale Makkah wahyi ulikatika kwa muda, Mtume, rehema na amani zimshukie, akahuzunika, na washirikina wakapata la kusema: Mola wake amemtupa. Ndipo ikateremka Sura ya Dhuha, ya 93, yenye aya 11 tu. Inaanza kwa kiapo cha mwanga wa asubuhi na cha usiku unapotulia, kisha inamwambia kwamba Mola wake hakumwacha wala hakumkasirikia. Mwanangu, neno lako na neno la aya ni lilelile. Nami kila ninapoisomesha huwaambia wanafunzi wautazame huo usiku ulioapiwa. Mwenyezi Mungu ameuapia pamoja na mchana, wala hakuutaja kama adhabu. Kimya kile kilikuwa kimya cha Mola aliyekuwapo.

Dada Ngamiani, saa 1:48 asubuhi
Ahsante, Ami. Lakini Mtume aliteremshiwa jibu. Mimi nitajuaje?

Ami Ustadhi, saa 2:02 asubuhi
Umeuliza vizuri, wala sina jibu la mkato. Katika Sura ya Baqara, aya ya 186, Mwenyezi Mungu anasema kuwa Yeye yu karibu na anamwitikia mwombaji anapomwomba. Hakuweka sharti la mwombaji kuuhisi huo ukaribu. Hisia ni riziki kama riziki nyingine, leo unaijaliwa na kesho inazuiliwa, na sala ya mwenye moyo mkavu aliyeamka saa tisa, kwa rai yangu, si nyepesi mizanini. Tena usione haya kulia. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim machozi yalimtoka, akasema kuwa jicho linalia na moyo unahuzunika, lakini hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu.

Mdogo wetu Maskati, saa 3:15 asubuhi
Assalaamu alaykum jamani, ndiyo kwanza natoka zamu wodini. Dada, mimi nitasema la kiuguzi. Usingizi unaokatwa kila baada ya saa mbili kwa wiki sita humfisha mtu hisia, za furaha na za ibada pia, kwa hiyo usiuhukumu moyo wako wakati mwili umechoka kiasi hicho. Unahitaji mtu wa kukupokea usiku, walau siku tatu kwa wiki.

Dada Ngamiani, saa 3:40 asubuhi
Basi kuna jambo sikuwaambia kwa kuogopa mtaniona nimechanganyikiwa. Alhamisi usiku Mama alipiga chafya, akatamka "Alhamdulillahi" kwa sauti safi kabisa, yeye ambaye hawezi hata kusema "maji". Nilimwita, nikamsihi aseme tena, akanitazama tu. Nilipokwisha kukata tamaa nikauona mkono wake wa kushoto, ule mzima, juu ya shuka: kidole gumba kilikuwa kinapita kwenye pingili za kidole cha mwisho, moja, mbili, tatu, kikahamia kidole kinachofuata, kikafika cha shahada, kikarudi mwanzo. Alikuwa anavuta tasbihi bila sauti, na sijui ameanza lini, kwa sababu usiku wote huo macho yangu yalikuwa kwenye mgongo wake na saa ya ukutani.

Kaka Pangani, saa 3:52 asubuhi
Allahu Akbar. Ila tusikimbilie kuuita muujiza, watu wakaanza kujaa pale nyumbani.

Mdogo wetu Maskati, saa 4:00 asubuhi
Kaka, jambo hili linajulikana. Kiharusi kilichompooza upande wa kulia kimempiga ubongo upande wa kushoto, ambako kwa watu wengi ndiko yaliko maneno. Hata hivyo yale aliyoyazoea mtu tangu utotoni, kama dua, salamu na kuhesabu, mara nyingine husalimika hata mazungumzo yakipotea. Kwa hiyo ni kawaida ya ugonjwa, nami nimelia vilevile.

Ami Ustadhi, saa 4:06 asubuhi
Na aliyembakishia hayo ni nani?

Shangazi Mombasa, saa 4:30 asubuhi
Mwanangu, nimekata tiketi ya basi la Ijumaa. Nitakaa mwezi mzima, na zamu ya saa tisa itakuwa yangu. Wewe utalala.

Kaka Pangani, saa 4:34 asubuhi
Nami nitakuja kila Jumamosi na Jumapili. Naliandika hapa ili mnidai.

Dada Ngamiani, saa 9:47 usiku
Nimemgeuza. Leo nimesali rakaa mbili, sikuhisi lolote zaidi ya jana, kisha sikurudi kitandani. Nimekaa kwenye kigoda namtazama mkono. Amefika kidole cha tatu. Shangazi, ukivuka mpaka pale Horohoro utupigie simu, nikuwekee wali na samaki wa nazi.