Tupeane uzoefu: dipoziti ya nyumba ulidaiwa miezi mingapi, na ulirudishiwa?

#1
Wakuu habarini, naombeni tupeane uzoefu kwenye hii dipoziti. Mi niliingia kwa miezi mitatu nikaona ndo kawaida, kumbe wenzetu sheria imeshaweka kikomo, England tangu 2019 ni kodi ya wiki tano kwa nyumba nyingi, California tangu Julai 2024 ni mwezi mmoja ila wenye nyumba wadogo wameachiwa hadi miwili, Ujerumani ni hiyohiyo mitatu lakini mpangaji anaruhusiwa kulipa kwa awamu tatu.

Ila kilichoniuma zaidi ni siku ya kuhama. Mwenye nyumba alipita na tochi ya simu anahesabu matundu ya misumari ukutani, kumi na moja, na saba niliyakuta. Picha sina hata moja. Hela yote ikaishia kwenye rangi.

#2
Pole sana mkuu. Mi picha ndo ziliniokoa. Siku napewa funguo nilipiga kila kona hadi ile alama ya pasi kwenye zulia, nikamtumia palepale akajibu "sawa nimeona". Miaka miwili baadae anataka kunikata hela ya zulia, nikamrushia meseji yake mwenyewe. Alilipa yote.

#3
Jamani na sisi wenye nyumba tusikilizeni. Wangu alihama usiku, bili ya maji ya miezi minne hajalipa, mlango wa bafu umeng'oka bawaba, na mwezi wa mwisho alikuwa anakalia dipoziti kwahiyo mkononi sina kitu. Kikomo cha mwezi mmoja kinatubana kweli. Lakini rangi kufifia au zulia kuchakaa kwa kukanyagwa huo ni uchakavu wa kawaida, simkati mtu kwa hilo na mwenzangu wa #1 alionewa. Siku hizi nazunguka na mpangaji chumba kwa chumba, tunaandika, tunasaini, kila mtu na nakala yake.

#4
Mlioko England cheki kama dipoziti yako imesajiliwa kwenye mfumo wa kuilinda, sheria inampa mwenye nyumba siku 30, asipofanya mahakama inaweza kumwamuru akulipe mara moja hadi mara tatu ya hiyo hela. Yangu nilikuta haijasajiliwa, nikamwandikia barua fupi ya heshima nikataja hizo siku 30 tu, wiki haikuisha hela ikawa imeingia.