Mto ukikauka ghafla (kikundi cha Ukoo wa Bibi Mwanaidi)

Zuhura: Shikamooni nyote. [picha] Leo chuo kimetupeleka Beichuan, jimbo la Sichuan, hapa China. Hayo majengo yaliyolala ubavu yameachwa vilevile tangu tetemeko la 12 Mei 2008.

Mjomba Ramadhani: Marahaba mama. Mbona hilo la nyuma limezama mpaka dirishani?

Zuhura: Hilo ni tope, mjomba. Lilishuka na mvua Septemba mwaka uleule. Ila kilichotupeleka ni ziwa la Tangjiashan, kilomita chache juu ya mji. Tetemeko liliangusha mlima ukaziba mto. Maji yakaanza kujaa nyuma ya kifusi.

Mama Salum: Kama yale maporomoko ya tope ya Katesh, Manyara?

Zuhura: Hapana anti. Katesh tope lilishuka moja kwa moja, tena hakukuwa na tetemeko. Huku mto unazibwa kwanza, watu wanapumua, halafu balaa linakuja baada ya siku kadhaa.

Salum: Bibi yuko hapa pembeni, anasema kwao mto ukipungua walikuwa wanashuka na makapu kuokota samaki 😂

Zuhura: Mwambie bibi hapo ndipo watu wanapokwisha! Mto ukikata ghafla baada ya tetemeko, panda juu. Samaki waache.

Mjomba Ramadhani: Sasa mtu anajuaje kama kifusi kitashika?

Zuhura: Kushika ni bahati. Miaka ya 1980 walichunguza mabwawa 73 ya namna hiyo yaliyowahi kupasuka: robo yalipasuka siku ya kwanza, na karibu nusu ndani ya siku 10. Kwa hiyo swali la kwanza ni tuna siku ngapi. Unapima pale ukingo wa juu wa kile kifusi ulipo chini zaidi, maana maji yatapita hapo. Unakadiria ziwa litabeba kiasi gani mpaka usawa huo, unagawa kwa maji yanayoingia. Mfano tu: nafasi ya mita za ujazo milioni 100, mto unaleta mita za ujazo 100 kwa sekunde, una siku 11 na ushee. Mvua ikinyesha milimani, hesabu imevunjika.

Halafu unaangalia kifusi chenyewe. Mawe makubwa yaliyoshikana yanavumilia, ila udongo laini maji yakishaanza kupita juu yake unamegeka kama sukari.

Mjomba Ramadhani: Na hilo la Tangjiashan?

Zuhura: Lilikuwa na uwezo wa kubeba kama mita za ujazo milioni 300. Barabara zimefukiwa, tingatinga zikaletwa kwa helikopta. Wanajeshi wakachimba mfereji juu ya kifusi ili maji yaanze kutoka mapema, ziwa likiwa bado halijafika juu kabisa. Walio chini, zaidi ya laki mbili, walikuwa wameshahamishwa. Tarehe 10 Juni maji yakaupanua ule mfereji yenyewe, yakafika mita za ujazo 6,500 kwa sekunde.

Salum: Boza la lita elfu kumi ni mita 10. Kumbe maboza 650 kila sekunde!!

Mama Salum: Ya Rabbi.

Zuhura: Na hukohuko Sichuan, mto Dadu ulizibwa na tetemeko la 1 Juni 1786. Bwawa lilipasuka siku ya kumi, nayo ilikuwa 10 Juni. Inasemekana walikufa kama laki moja. Hakuna aliyewachimbia mfereji.

Mjomba Ramadhani: Kwa hiyo yote hupasuka?

Zuhura: Siyo yote. Tajikistani mlima ulianguka mwaka 1911 ukakifukia kijiji cha Usoi. Kifusi kina zaidi ya mita 500 kwenda juu, na mpaka leo kimesimama. Maji yalipopanda yakazamisha kijiji cha pili, Sarez, ndicho kilicholipa ziwa jina. Vijiji vya bonde la chini vimefungiwa ving'ora.

Salum: Bibi anauliza, king'ora kikilia usiku vikongwe wanabebwa na nani?

Mjomba Ramadhani: Salum, wewe ndiye mwenye mgongo hapo nyumbani.

Salum: Mjomba, bibi ana kilo 80.

Salum: Kanichapa na kanga.

Zuhura: 😂😂 Nalala jamani, huku ni saa nane usiku.